Madaktari Watatu na Friza ya Kuku

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule pale Ruiru, kibanda changu kiko nyuma ya soko, na kwa kazi yangu ukipima kiuno cha mtoto mara mbili ukapata namba mbili, wewe ndiye umekosea, si kiuno. Unapima tena. Haiwezekani mtu mmoja aandike mtoto ana kiuno, mwingine aandike hana, na wa tatu aandike huenda anacho lakini hatuwezi kusema. Sasa mimi hivyo ndivyo nilivyoandikiwa, na madaktari watatu waliosoma mpaka nywele zikawaisha, kuhusu titi langu la kushoto. Na wakati huo titi lenyewe halikuwa hata mwilini.

Naandika kwa sababu wanawake wananiuliza. Mteja anakuja kupunguziwa sketi, akishalipa hatoki, anazungukazunguka kibandani, halafu ananong'ona kwamba dada yake amepatikana na uvimbe. Wote wanataka kujua kama dripu inauma. Dripu tutafika. Kwanza nina mengine ya kusema, na bado yananikera.

Uvimbe niliupata Januari, mwezi ambao fundi wa sare hana nafasi ya kuugua. Nilikuwa naoga haraka haraka, mkono ukapita juu ya kitu kigumu kama mbegu ya parachichi changa. Nikakiambia kingoje shule zifunguliwe. Shule zilipotulia nikaenda kliniki moja hapo Ruiru, wakanidunga sindano nene wakatoa vipande vyembamba vya nyama kama uzi wa kufumia, vikapelekwa maabara, na jibu likarudi: saratani. Mume wangu Karanja alikuwa amekaa kando yangu. Akasema, "Sawa." Karanja ni mtu wa sawa. Anafuga kuku wa nyama huko kwetu Murera, anawachinja mwenyewe na kuwauzia wenye mikahawa ya Thika, na nyumba ikiungua nadhani atasema sawa kisha atafute ndoo.

Nilipasuliwa Thika, Ijumaa moja mvua ndefu zikiwa zimeanza. Kama hujawahi kuuguza mtu huku kwetu, jua hili: wakikukata kitu, mara nyingi si hospitali inayokipeleka maabara. Ni watu wako. Muuguzi anatoka theatre, chumba cha upasuaji, na chupa ya dawa ya kuhifadhi hiyo nyama, anauliza nani yuko na Wanjiru, anakupatia kwa mfuko mweusi kama mtu anayekupimia nyama ya robo, na anakuelekeza maabara iko wapi. Karanja aliipokea. Mimi nilikuwa bado nimelala na dawa, sijui kitu.

Nilipoamka kifua kilikuwa kimefungwa bandeji na kuna mpira unaotoa maji mekundu kwenye kichupa. Niliona aibu ya ajabu, hata sijui nilimwonea nani. Nikaja nyumbani, nikajifunza kulala chali, nikajifunza kuinua mkono kidogo kidogo ukutani. Kwa vile mimi ni fundi, nilijishonea titi. Nilijaza mtama kwenye kitambaa cha sare ya kijani ili liwe na uzito, maana sponji inapanda mpaka shingoni ukiinama. Kuku mmoja wa Karanja alinifuata kutwa nzima akiniangalia kifua, na nikacheka kwa mara ya kwanza, ikauma.

Ripoti ya maabara ya Thika ilichukua muda, halafu nikaitwa na Daktari Nekesa, anayetibu saratani na ambaye bado ndiye daktari wangu. Ni mama anayeongea polepole na hakufichi. Akaniambia uvimbe ulikuwa mdogo na umetoka wote. Tezi za kwapani walizotoa zilikuwa safi. Nikaanza kutafuta mkoba wangu niende. Akasema ngoja. Aliyeangalia ile nyama kwa hadubini ameandika kwamba ameona seli za saratani ndani ya mishipa ya limfu, ile mishipa myembamba sana inayobeba majimaji ya mwili kuyapeleka kwenye tezi. Hata kama tezi ni safi, seli zikishaingia kwenye hiyo mishipa huenda zimeshaanza safari.

Kwa hivyo jambo lilikuwa ni moja tu, na nililishika hivyo: kama zimeingia, napata kemo, ile dawa kali ya saratani, miezi ya dripu, kisha vidonge vya miaka. Kama hazijaingia, vidonge peke yake, narudi kwa cherehani yangu. Nikikataa kemo na kumbe zimeingia, ugonjwa unarudi kunimaliza. Nikikubali na kumbe hazijaingia, nimejitia sumu bure.

Daktari Nekesa akasema hilo la mishipa ni gumu kuona, na kabla hajanipa dawa kali angependa jicho la pili. Akanituma kwa daktari wa maabara mwingine, wa Ruiru.

Na hapo pia ni wewe unayebeba. Maabara ya Thika walinipa vioo vyembamba vyenye doa la rangi ya waridi, na vipande vidogo vya nta ambamo nyama yangu imefungiwa. Wakaniambia visipate jua, nta itayeyuka, na vioo visigongane. Nilivifunga kwa mabaki ya vitambaa vya sare, kila kimoja na chake, nikavipanga ndani ya kopo la biskuti. Nilitembea na titi langu mkononi kutoka Thika hadi Ruiru, na kila aliyenisukuma nilimwangalia vibaya.

Daktari wa Ruiru aliandika hakuna. Hakuna seli ndani ya mshipa wa limfu. Yale mapengo aliyoyaona mwenzake si mishipa, ni nyama iliyojikunja ikaacha nafasi.

Nilisoma hayo nikasimama pale nje nikalia mbele ya watu wanaouza mahindi. Nilipofika nyumbani wifi yangu Wairimu alikuwa amekuja kutoka Gatuanyaga na mfuko wa pojo. Wairimu ni dada mkubwa wa Karanja, mwanamke wa maombi, na akisikia jambo zuri halali nalo. Jumapili alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akasema daktari mmoja alisema ipo, Bwana akasema haipo, na karatasi tunayo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuliwa mkono, ule wa upande uliopasuliwa.

Daktari Nekesa hakupiga makofi. Alisoma zile ripoti mbili akashusha pumzi. Akasema sasa ana ndiyo moja na hapana moja, na hawezi kurusha sarafu. Nikamuuliza, kwani hawa watu hawaangalii kitu kimoja? Akasema wanaangalia kitu kimoja kabisa. Nikamuuliza, na walisomea shule moja? Akasema yawezekana. Sikuwa nauliza kwa utani.

Nikapaki kopo langu tena, safari hii Nairobi, kwa mzee mmoja ambaye madaktari wa maabara wenyewe humtumia vitu vilivyowashinda. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Nikangoja. Sijui kama kuna mtu ameandika jinsi kungoja kunavyochosha kuliko kupasuliwa. Mafundi wenzangu walikuwa wananiuliza kama ni ndiyo au hapana, kama matokeo ya uchaguzi. Wairimu alikuwa anapiga simu kila jioni kusema nisimjaribu Mungu kwa kutafuta jibu la tatu wakati nimeshapewa zuri. Nilimwambia Mungu ndiye aliyeumba na huyo wa Thika. Alikata simu.

Jibu la mzee likaja: haiwezi kuamuliwa.

Haki nilitaka kuipasua ile karatasi kwa makasi ya kitambaa. Mmoja anasema ipo, mmoja haipo, mmoja anasema mimi siwezi kusema, na mimi ndiye wa kwenda kulala na hayo majibu matatu kitandani. Asubuhi niliamka nikavaa titi langu la mtama, nikaenda mwenyewe mpaka maabara ya Nairobi. Msichana wa mapokezi akaniambia wagonjwa hawaonani na daktari wa maabara. Nikamwambia mimi si mgonjwa, mimi ndiye mwenye nyama. Nikakaa. Watu waliingia na kutoka, wengine na mifuko myeusi kama ile ya Karanja, na mama mmoja akanimegea nusu ya mkate wake bila kuniuliza jina. Mchana mzee mwenyewe akatoka.

Nilitarajia mtu wa kunifokea. Alikuwa na sweta limetoboka kiwiko na alinipeleka ndani akaniwekea kioo changu kwenye hadubini iliyounganishwa na televisheni. Nikaona titi langu likiwa rangi ya waridi na zambarau, kama kitenge. Akanionyesha vikundi vya seli, na kuzunguka kila kikundi kuna nafasi nyeupe. Akasema mshipa wa limfu nao huonekana hivyo hivyo, nafasi nyeupe yenye ukuta mwembamba sana. Hapa ukuta hauonekani vizuri. Akasema hata nyama ikihifadhiwa vyema, madaktari wawili wazuri wanaweza kukaa kwa kioo kimoja wakatofautiana juu ya hili, na si kwa uzembe. Lakini hii yangu ina jambo lingine. Kila mahali kuna vitundu, hata pale ambapo hakuna saratani.

"Mama, hii nyama ilikaa wapi kabla ya kufika maabara ya Thika?"

Nikamwambia ilienda moja kwa moja, mume wangu aliipeleka siku ile ile.

Akasogeza kioo kidogo, macho kwa ile televisheni. "Muulize tena," akasema. "Hivi vitundu nimezoea kuviona kwa kitu kilichoganda barafu."

Nilimkuta Karanja kwa banda la kuku, anabadilisha maranda. Sikumsalimia hata. Nilisimama mlangoni nikamuuliza ile chupa aliifikisha maabara lini. Akaendelea kusambaza maranda kwa mguu, kisha akasema Jumatatu.

"Na nilipasuliwa Ijumaa."

"Nilipata wamefunga, Wanjiru. Na kwa boda kifuniko kilikuwa kimelegea, ile dawa ikamwagika, chupa ikabaki nusu. Nikaongeza maji. Nikaiweka kwa friza."

"Friza gani?"

"Si friza ni moja."

Ngai. Friza ni moja, ile nyeupe ya jikoni, ya kuku wake wa mikahawa. Siku hizo watu walikuwa wanakuja nyumbani kuniulizia, wanapikiwa chai hatua mbili kutoka hapo.

Nikamuuliza, "Uliniweka chini ya kuku?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Juu. Ningekuweka aje chini ya kuku?"

Sikujua kama nicheke au nimpige na sepetu. Alisema yeye kazi yake ni nyama, na nyama isipopata baridi inaoza, na aliogopa nikioza madaktari watakosa kuona kitu. Jumamosi na Jumapili alikuwa anafungua friza kuangalia. Jumatatu akaitoa mapema, akaiacha kwa beseni iyeyuke, akaipeleka. Ilikuwa akili ya mchinjaji kabisa, na ilikuwa imeharibu kila kitu. Na miezi hiyo yote mimi nabeba kopo la biskuti, yeye ananisindikiza mpaka langoni, ananiambia sawa, safari njema. Hakusema, kwa sababu hakudhani kuna la kusema. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilipika nikapakua sahani moja. Siku kadhaa niliongea naye kupitia simu ya Wairimu, na Wairimu naye tulikuwa tumenuniana, kwa hivyo fikiria.

Nilimpigia mzee nikamwambia habari ya friza. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akauliza swali ambalo sijui kwa nini hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo: vile vipande vya sindano vya kwanza, vya Ruiru, viko wapi? Vile vilitiwa dawa pale pale kliniki, havikuonja friza ya mtu. Vilikuwa bado kwenye kabati la maabara. Vinaweza kupakwa rangi maalumu inayoshika ukuta wa mshipa wa limfu peke yake, ukuta ukawa kahawia, mtu asibahatishe. Akanionya kwamba vipande ni vidogo. Vikikosa kuonyesha kitu haimaanishi hakuna. Vikionyesha, vimeonyesha.

Nikabeba kopo tena. Kufikia hapo baridi ya Juni ilikuwa imeingia, Murera asubuhi ni ukungu, na lile kovu likipata baridi linavuta kama mshono uliokazwa sana. Nilimwambia Daktari Nekesa kwamba safari hii sitaki karatasi tatu. Nataka wote watatu waangalie kitu kimoja, waongee wao kwa wao, na mimi niletewe jibu moja kama mtu aliyenunua kitu dukani. Alisema hilo si jambo la kawaida. Nikamwambia friza pia si jambo la kawaida. Akawapigia.

Siku ya jibu nilimruhusu Karanja aje. Tulikaa kwa benchi la kliniki, katikati yetu kuna kopo la biskuti, tupu. Daktari Nekesa akatuita akasema wamekubaliana wote watatu. Rangi imeonyesha ukuta wa kahawia mzima, na ndani yake kikundi cha seli. Zimeingia.

Miezi yote hiyo nilikuwa nataka wakubaliane tu. Nilikuwa nimegombana na mapokezi, na wifi, na mume, ili wakubaliane. Na walipokubaliana nikagundua kwamba sikutaka wakubaliane, nilitaka wa Ruiru awe sahihi. Nilimchukia yule wa Thika, mama ambaye hajanikosea kitu. Aliandika ukweli mara ya kwanza, akiuandika juu ya nyama iliyoharibika. Na wa Ruiru pia hakudanganya, maana mapengo aliyoyakataa yalikuwa kweli ni barafu ya Karanja. Nimeyafikiria hayo sana na bado hayanipi raha yoyote.

Karanja safari hii hakusema sawa. Aliuliza, "Ni mimi nimemchelewesha?"

Daktari Nekesa akamjibu kwamba wiki zimepotea, ndiyo, na hawezi kumwambia hazina maana. Lakini bado tuko ndani ya wakati. Karanja akatikisa kichwa, akaokota kopo, akalishika mapajani mpaka tukatoka.

Sasa dripu. Haiumi ikiingia. Inauma ukishaenda nayo nyumbani. Baridi ya Julai na dripu ni kitu kimoja kwangu mpaka leo, siwezi kuvitenganisha. Mdomo ulikuwa na ladha ya msumari. Nywele zilinyonyokea ndani ya kofia ya sufi, nikaivua nikaona imebaki na nywele kuliko mimi. Kucha zikawa nyeusi. Kilichoniliza ni vidole, vilikufa ganzi, nikawa sisikii sindano. Nilijidunga nikaona damu kwa kola nyeupe ya mtoto wa watu kabla sijahisi kitu. Nilifunga kibanda, na Agosti nzima wazazi walishonesha kwa jirani.

Huruma ilikuja vipande vipande. Kuna muuguzi aliyenipa chupa ya maji moto nishike kwanza ndipo mshipa utokee, asinidunge dunge. Wairimu alikuja bila kupiga simu, akakaa wiki ya dripu ya pili, akaosha beseni nilizotapikia na hakutaja ushuhuda hata mara moja. Kanisani alisimama tena, akasema ule ushuhuda aliutoa mapema mno, waendelee kuniombea. Najua ilimgharimu. Karanja alinipikia supu, na kwa muda mrefu alikuwa ananunua nyama ya ng'ombe buchani, mtu mwenye kuku mia ndani ya boma. Friza aliihamishia stoo.

Dripu ya mwisho ilikuwa Thika, mvua fupi zikianza, Ijumaa. Nilitolewa sindano nikakaa kwa benchi la nje nikimngoja Karanja alete boda mpaka mlangoni, maana miguu ilikuwa kama si yangu. Alikuwa ameshatoka hatua chache. Ndipo mlango wa theatre ukafunguliwa, muuguzi akaita jina la mwanamke fulani, na mzee mmoja wa koti la mvua akasimama. Akapewa mfuko mweusi. Akaelekezwa maabara. Akawa anaushika kwa mkono mmoja, mbali na mwili, hajui aushike vipi.

Karanja alirudi. Alinipita kana kwamba sipo. Akamsimamisha yule mzee, akamwomba chupa, akaiinua kwenye mwanga akaangalia dawa imefika wapi. Akarudi naye mpaka kwa muuguzi, nikasikia mume wangu, mtu wa sawa, akimwambia chupa hii ni ndogo, dawa haijafunika, atafutiwe kubwa. Alisimama hapo mpaka ikaletwa. Akakaza kifuniko yeye mwenyewe. Halafu akamwambia mzee, "Twende pamoja. Wakiwa wamefunga tutairudisha hapa hapa. Nyumbani haiendi."

Wakaondoka kwenye manyunyu, Karanja amekumbatia chupa ya mke wa mtu kifuani kwa mikono miwili. Mimi nikaachwa kwa benchi na kichefuchefu, bila boda, bila mwavuli, na simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Alirudi giza likiingia, ameloa chapachapa. Nilikuwa nimekasirika kabisa na nilimwambia.

Akasema waliwakuta watu wa maabara wanafunga mlango, wakaipokea chupa.

Nikasogea akakaa.